Miezi Mitano Kasoro Siku Moja

Jumanne na Alhamisi, madebe yakishaoshwa,
navuka Barabara ya Jogoo kutoka Shauri Moyo
hadi chumba cha Kaloleni chenye madawati ya watoto.
Magoti hayaingii. Nakaa upande.
Tuko kumi na mmoja: mabawabu wawili, kinyozi,
fundi wa viatu anayesinzia kuanzia saa mbili,
na mimi, Kemunto, muuza maziwa lala,
miaka arobaini na mitatu, mtahiniwa wa kujitegemea.

Mwalimu Okwaro alichora mstari.
Ukatambaa chini ya ubao kama mvivu,
kisha ukainuka, ukapita ukingo,
naye akaufuata ukutani kwa chaki
mpaka mkono wake ulipoishia.
"Huyu ndiye kipeo," akasema.
"Ukimkuta mdogo, usimdharau."

Namjua huyu.
Kijiko kimoja cha maziwa ya jana katika lita ishirini:
saa tatu hakuna kitu, saa sita hakuna kitu,
unalala ukidhani umeharibu mali ya watu,
alfajiri unainua kifuniko, debe zima limeshikana.
Kumbe huko gizani mmoja alikuwa wawili,
wawili wanne,
bila kumwamsha mtu.

Na namjua kwa jina lake jingine.
Elfu mbili, za simu,
usiku ule Bosibori alipobanwa na kifua.
Asilimia kumi na tano kwa mwezi. Nikahesabu: mia tatu.
Mia tatu ni nini?
Mia tatu ilizaa. Wanawe nao wakazaa.
Mwaka ulipotimia simu ikadai elfu kumi na mia saba
na nikaapa mbele ya majirani
kwamba kuna mtu ofisini, mwenye tai, aliyeniibia.

Leo nimeichukua moja nukta moja tano,
nikaipandisha hadi kipeo cha kumi na mbili,
nikazidisha kwa elfu mbili.
Elfu kumi na mia saba.
Na senti hamsini, ambazo hawakunidai.
Nikaweka kalamu chini.
Afadhali angekuwepo mwizi.

"Sasa hii logi ni ya nini?" akauliza Lokwawi,
bawabu, akiwa na rungu mapajani.
Mwalimu akafuta jasho kwa mkono wenye chaki.
"Kipeo hukuambia umefika wapi.
Logi hukuuliza: ulipiga hatua ngapi?"

Jedwali langu nilinunua Gikomba, shilingi thelathini,
halina jalada. Ndani, kwa wino wa buluu:
Barasa W., Kidato cha Nne, 1991.
Kando ya logi ya mbili ameandika "usisahau".
Sijui kama alifaulu. Sijui yuko wapi.
Kidole changu, ambacho hakiishi harufu ya maziwa,
kikashuka hadi mlalo wa moja nukta moja,
kikaenda kulia, chini ya tano: sufuri sita sufuri saba.
Nikaigawa ile ya Barasa kwa hiyo.
Nne nukta tisa sita.

Miezi mitano kasoro siku moja,
ndiyo muda deni langu lilihitaji kujizaa upya.
Kumbe siku hiyo ilikuwa na tarehe.
Ingeweza kuzungushiwa duara kwenye kalenda ya duka la Mzee Gedi,
pale ukutani, juu ya jiko.

Ningekopa hata hivyo. Kifua hakisubiri jedwali.
Lakini ningelijua lile duara,
ningeliona likija, wiki baada ya wiki,
na mwezi wa tatu ningeuza redio.

Saa nne nimefika nyumbani. Bosibori amelala
mdomo wazi, pumzi inakwenda na kurudi vizuri.
Chini ya "usisahau" nimeandika kwa penseli: 4.96.
Kisha nimechota kijiko kimoja,
nikakizamisha, nikakoroga mara mbili,
nikafunika.